Eddie Robinson

Eddie Gay Robinson (Jackson, Louisiana, Februari 1919 – Ruston, Louisiana, 3 Aprili 2007) alikuwa kocha wa futiboli ya Marekani na kiongozi wa michezo katika chuo cha Grambling, ambacho leo kinaitwa Grambling State University, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani. Alianza kazi hiyo mwaka 1941 na kustaafu mwaka 1997. Katika misimu 55 timu yake ilishinda mechi 408, ikafungwa 165 na kutoka sare 15. Alikuwa kocha wa kwanza wa futiboli ya vyuo kufikisha ushindi 400.

Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya wakati sheria za ubaguzi wa rangi zikitawala kusini mwa Marekani. Vijana weusi hawakupokelewa katika vyuo vikuu vya weupe vya eneo hilo, na wengi wenye kipaji walikwenda kwake. Aliwafundisha zaidi ya wachezaji 200 waliofika katika ligi za kulipwa. Ubaguzi ulipoondolewa, vyuo vikubwa vilianza kuwachukua vijana wa aina ileile, na chuo chake kikabaki na wachache.

Mchezo wenyewe

Futiboli ya Marekani ni tofauti na kandanda. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Mpira wake umechongoka pande mbili, na kwa kawaida hubebwa au kurushwa kwa mikono. Timu inayoshambulia hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani takriban mita 9. Ikifaulu hupewa nafasi nyingine nne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani.

Mchezaji muhimu kuliko wote katika mashambulizi ni kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira kwanza, kuwasoma wapinzani na kuamua kama atampa mwenzake akimbie nao au ataurusha mbali.

Nchini Marekani mchezo huu una ngazi mbili kubwa. Ya kwanza ni ya vyuo, ambako wachezaji ni wanafunzi. Ya pili ni ya kulipwa, na ligi yake kuu ni NFL. Kila mwaka timu za kulipwa huteua wachezaji kutoka vyuoni kwa zamu. Kwa hiyo kijana aliyenyimwa nafasi ya kuonekana chuoni alikuwa na njia finyu sana ya kufika NFL. Ligi hiyo nayo haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja kuanzia mwaka 1934 hadi 1945.

Maisha ya awali

Robinson alizaliwa Jackson, mji mdogo wa Louisiana. Baba yake alilima pamba katika shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno, na mama yake alifanya kazi za nyumbani kwa watu. Eddie akiwa bado mtoto familia ilihamia Baton Rouge, makao makuu ya jimbo. Huko alisoma shule ya sekondari ya McKinley, iliyokuwa ya watu weusi. Tangu utotoni alivutiwa na kocha wa shule hiyo, na mapema sana akaamua kwamba kazi yake itakuwa kufundisha mpira.

Chuo kikuu kikubwa cha jimbo, Louisiana State University, kilikuwa katika mji huohuo aliokulia, lakini hakikumpokea kijana mweusi. Robinson alikwenda Leland, chuo kidogo cha Wabaptisti weusi katika mji wa jirani wa Baker, akacheza hapo kama kwotabeki. Kocha wake, Reuben Turner, alikuwa pia mhubiri. Alimwonyesha namna ya kuandika mbinu za mchezo katika daftari na kuzifundisha kwa utaratibu, tena alimchukua hadi kwenye semina ya makocha karibu na Chicago.

Baada ya kumaliza chuo Robinson hakupata kazi ya ualimu. Alifanya kazi katika kiwanda cha chakula cha mifugo huko Baton Rouge kwa ujira wa senti 25 kwa saa. Mwaka 1941 alimwoa Doris Mott, na ndoa yao ilidumu hadi kifo chake. Walipata watoto wawili, binti na mwana. Mwana, Eddie Robinson Mdogo, baadaye alikuwa kocha msaidizi chini ya baba yake.

Kuajiriwa Grambling

Chuo cha Grambling kilianzishwa mwaka 1901 kaskazini mwa Louisiana ili kuwafundisha watoto wa wakulima weusi. Mwanzilishi wake, Charles P. Adams, alikuja kutoka Tuskegee, chuo cha Booker T. Washington. Mwaka 1941 kilikuwa bado chuo kidogo cha ualimu na ufundi chenye fedha kidogo. Mkuu wake wa wakati huo, Ralph Waldo Emerson Jones, alikuwa pia kocha wa besiboli. Alimwajiri Robinson, aliyekuwa na umri wa miaka 22, kwa mshahara wa dola 63.75 kwa mwezi.

Kazi haikuwa ya kufundisha futiboli peke yake. Robinson alichora mistari ya uwanja, alishona vifaa vilivyochanika, aliwatibu walioumia na kuandika habari za mechi ili zipelekwe magazetini. Timu iliposafiri, chakula kilitayarishwa kabla ya kuondoka, maana mikahawa mingi ya njiani haikuwahudumia watu weusi. Kwa miaka kadhaa alishika pia uongozi wa idara nzima ya michezo ya chuo.

Msimu wa kwanza timu ilishinda mechi tatu na kufungwa tano. Msimu uliofuata, wa mwaka 1942, ilishinda mechi zote tisa bila kuruhusu pointi hata moja.

Mwaka 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Robinson alifundisha shule ya sekondari ya Grambling na kuipatia ubingwa. Katika kipindi hicho baba mmoja aliwatoa wanawe timuni ili wakavune pamba. Robinson hakubishana naye. Aliwachukua wachezaji wengine wakaenda shambani, wakaichuma pamba pamoja, na vijana wale wakarudi kucheza.

Kufungua njia ya NFL

Mchezaji wa kwanza wa Robinson aliyepata jina kubwa alikuwa Paul Younger, aliyejulikana kwa jina la utani "Tank". Mwaka 1949 hakuna timu ya NFL iliyomteua, lakini Los Angeles Rams ilimpa nafasi ya kujaribiwa. Kabla hajaondoka, Robinson alimweleza kwamba akishindwa, wenye timu watasema walikwisha kumchukua aliye bora kuliko wote kutoka vyuo vya watu weusi naye hakufaa, na mlango utafungwa kwa walio nyuma yake. Younger alifaulu. Akawa mchezaji wa kwanza wa NFL kutoka katika vyuo hivyo, akacheza misimu kumi.

Baada ya Younger walifuata wengi. Willie Davis, aliyecheza Grambling katika miaka ya 1950, alikuwa mlinzi mashuhuri wa Green Bay Packers. Junious Buchanan, maarufu kama "Buck", aliteuliwa wa kwanza kabisa mwaka 1963 katika ligi ya AFL, iliyokuwa ikishindana na NFL wakati huo. NFL yenyewe mwaka huohuo ilimteua katika raundi ya 19. Tofauti hiyo yaonyesha jinsi AFL ilivyotangulia kuvitafuta vipaji katika vyuo vya watu weusi. Davis na Buchanan, pamoja na Willie Brown na Charlie Joiner, wameingizwa katika Jumba la Heshima la futiboli ya kulipwa.

Namna ya kufundisha

Robinson alitumia mfumo wa mashambulizi unaoitwa Wing-T, ambao msingi wake ni kukimbia na mpira na kuwahadaa wapinzani wasijue nani ameubeba. Mbinu zenyewe hazikuwa nyingi. Alizirudia mazoezini mara nyingi, na mchezaji mmoja akikosea hatua moja wote walianza upya.

Alijihesabu kuwa mwalimu kabla ya kuwa kocha. Asubuhi alipita katika mabweni akipiga kengele ili wachezaji waamke na kwenda darasani. Aliwafundisha pia mambo ya nje ya uwanja: kuvaa tai, kula mezani na wageni, na kujibu maswali ya waandishi wa habari. Sababu ilikuwa wazi. Wengi walitoka vijijini, na waliokuwa wakienda mijini kutafuta kazi wangepimwa kwa mengi zaidi ya mpira. Yeye mwenyewe aliendelea kusoma, akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1954.

Suala la kwotabeki mweusi

Hata baada ya NFL kuwakubali wachezaji weusi, nafasi ya kwotabeki ilibaki karibu yote mikononi mwa weupe. Iliaminika kwamba mtu mweusi ana mbio na nguvu lakini hana akili ya kuongoza timu. Vijana waliokuwa makwotabeki chuoni walipofika NFL walihamishiwa nafasi nyingine.

Robinson aliamua kumwandaa James Harris kwa ajili ya nafasi hiyo, akimfundisha mbinu za pasi zilizotumika katika ligi ya kulipwa. Mwaka 1969 Harris aliteuliwa na Buffalo Bills na kuanza mechi ya kwanza ya msimu akiwa kwotabeki, jambo ambalo mchezaji mweusi hakuwa amelipata kabla yake. Baadaye akiwa na Los Angeles Rams alichaguliwa mchezaji bora wa mechi ya nyota wa NFL iliyofanyika Januari 1975.

Aliyefuata alikuwa Doug Williams, kwotabeki wa Grambling katika miaka ya 1974–1977. Aliteuliwa wa 17 mwaka 1978 na Tampa Bay Buccaneers. Tarehe 31 Januari 1988, akiichezea timu ya Washington, akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza katika fainali ya Super Bowl. Washington iliifunga Denver Broncos 42–10. Katika robo ya pili pekee Williams alirusha pasi nne zilizofika eneo la mwisho, na alitajwa mchezaji bora wa fainali.

Grambling yajulikana kitaifa

Umaarufu wa chuo haukuja kwa ushindi peke yake. Tangu mwaka 1948 ofisi ya habari za michezo ya Grambling iliongozwa na Collie Nicholson, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari katika jeshi la majini la Marekani. Magazeti makubwa hayakujali michezo ya vyuo vya watu weusi, kwa hiyo Nicholson aliandika habari mwenyewe na kuzituma kwa magazeti ya weusi nchini kote. Yeye na Robinson pia waliipeleka timu kucheza katika miji mikubwa, mbali na Louisiana.

Mwaka 1968 Grambling ilicheza na Morgan State katika uwanja wa Yankee, New York, mbele ya watazamaji zaidi ya 60,000. Ilifungwa 9–7, lakini mechi hiyo ilionyesha kwamba timu mbili za vyuo vya watu weusi zinaweza kujaza uwanja mkubwa kaskazini. Mwaka 1974 ilianza mechi ya kila mwaka ya Bayou Classic mjini New Orleans dhidi ya Southern University, chuo cha watu weusi cha Baton Rouge. Mwaka 1976 Grambling na Morgan State walikutana tena, safari hii Tokyo, Japani, katika mechi rasmi ya msimu.

Kubadilika kwa nyakati

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vyuo vikuu vikubwa vya kusini vilianza kuwapokea wachezaji weusi, kikiwemo kile cha Baton Rouge ambacho Robinson hakuweza kujiunga nacho. Vilikuwa na viwanja vikubwa, fedha nyingi za ufadhili na mechi zilizoonyeshwa kwenye televisheni. Kijana ambaye miaka kumi kabla angekwenda Grambling sasa alikuwa na uchaguzi.

Grambling haikuanguka mara moja. Kati ya mataji tisa ya taifa ya vyuo vya watu weusi yanayohesabiwa kwa Robinson, saba yalipatikana kuanzia mwaka 1972. Pia alishinda ubingwa wa SWAC, shirikisho la vyuo hivyo vya kusini magharibi, mara 17. Lakini ushindi huo ulikuwa juu ya vyuo vilivyopungukiwa kama chake, na idadi ya wachezaji waliokwenda NFL ilipungua. Wachezaji wake wanne wa Jumba la Heshima wote waliingia Grambling kabla ya mabadiliko hayo.

Kwa makocha mlango ulifunguka taratibu zaidi. Chuo cha kwanza cha daraja la juu kumpa mtu mweusi ukocha mkuu kilikuwa Wichita State, kilichomwajiri Willie Jeffries mwaka 1979. NFL ya zama hizi haikuwa na kocha mkuu mweusi hadi Art Shell mwaka 1989. Wakati huo Robinson alikuwa na umri wa miaka 70 na ushindi zaidi ya 300.

Rekodi

Rekodi ya ushindi mwingi zaidi katika futiboli ya vyuo ilishikwa na Paul Bryant, maarufu kama "Bear", kocha wa Alabama, aliyestaafu na ushindi 323. Tarehe 5 Oktoba 1985 Grambling iliifunga Prairie View A&M 27–7 katika uwanja wa Cotton Bowl, Dallas, na Robinson akafikisha ushindi 324. Wako waliosema kwamba hesabu hiyo isilinganishwe na ya Bryant kwa kuwa Grambling ilicheza daraja la chini. Wengine walijibu kwamba Robinson hakuchagua daraja hilo: kwa sehemu kubwa ya maisha yake vyuo vya daraja la juu vya kusini havikukubali kucheza na timu za weusi.

Ushindi wa 400 aliupata tarehe 7 Oktoba 1995 dhidi ya Mississippi Valley State. Mwaka 2003 John Gagliardi, kocha wa chuo kidogo cha Minnesota, aliivuka hesabu ya 408, akamaliza na 489. Katika vyuo vya daraja la kwanza Joe Paterno wa Penn State alifikisha 409 mwaka 2011. Ushindi wake mwingi ulifutwa mwaka 2012 kama adhabu kwa chuo, kisha ukarudishwa mwaka 2015.

Ukosoaji

Si wote waliokubaliana na nafasi ambayo futiboli ilipewa Grambling. Mwaka 1967 wanafunzi waliandamana chuoni wakidai kwamba uongozi unajali michezo kuliko masomo. Robinson alilaumiwa pia kwamba alikaa kimya wakati wa harakati za haki za raia. Hakuwa mtu wa maandamano, na mara nyingi aliisifu Marekani kama nchi ya nafasi. Wanaomtetea husema kazi yake yenyewe ilikuwa jibu, kwa kuwa kila mchezaji aliyefaulu alibomoa hoja moja ya wabaguzi. Wanaomkosoa husema mafanikio ya wachache hayakubadilisha sheria. Zilibadilishwa na walioandamana.

Miaka ya mwisho

Misimu mitatu ya mwisho haikuwa mizuri. Mwaka 1995 timu ilishinda mechi 5 na kufungwa 6, kisha mwaka 1996 na 1997 ilishinda 3 tu na kufungwa 8 kila msimu. Programu ya futiboli ilichunguzwa pia na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, na kuwekwa chini ya uangalizi.

Mwishoni mwa mwaka 1996 uongozi wa chuo ulitaka astaafu. Wachezaji wa zamani na wananchi walipinga, gavana wa Louisiana akaingilia kati, na Robinson akaruhusiwa msimu mmoja wa kuaga. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Bayou Classic ya tarehe 29 Novemba 1997, ambayo Southern ilishinda 30–7. Mwaka huohuo aliingizwa katika Jumba la Heshima la futiboli ya vyuo. Nafasi yake ilichukuliwa na mwanafunzi wake, Doug Williams, aliyeipatia Grambling ubingwa wa SWAC mara tatu mfululizo kuanzia mwaka 2000.

Katika uzee Robinson aliugua ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu kumbukumbu. Alifariki tarehe 3 Aprili 2007 akiwa na umri wa miaka 88. Mwili wake uliwekwa katika jengo la bunge la jimbo huko Baton Rouge ili wananchi watoe heshima za mwisho.

Urithi

Uwanja wa Grambling una jina lake, na makumbusho yake yalifunguliwa mjini humo mwaka 2010. Tuzo za kocha bora wa mwaka katika futiboli ya vyuo pia zimepewa jina lake. Aliwahi kuwa rais wa chama cha makocha wa futiboli cha Marekani, na mwaka 1999 alitoa kitabu cha maisha yake kwa ushirikiano na Richard Lapchick.

Robinson alipenda kueleza maisha yake kwa kusema kwamba alikuwa na kazi moja na mke mmoja. Wengi wa wanafunzi wake hawakucheza NFL. Walirudi kwao wakawa walimu, makocha na wafanyakazi wa serikali katika Louisiana na majimbo ya jirani, na baadhi yao wakawafundisha vijana ambao, tofauti na wao, waliweza kuchagua chuo walichotaka.